Jicho la Mtoto Baada ya Kupasuliwa



Nia yangu leo ni kuwaelezeni jambo lisilosemwa sana barazani, nalo ni maradhi yaletwayo na vijidudu viingiavyo ndani ya jicho la mtoto baada ya kupasuliwa na daktari. Maradhi haya ni ya nadra. Watoto walio wengi sana hupasuliwa wakapona bila ya kuyaonja. Lakini yatokeapo huenda kwa kasi kama moto katika nyasi za kiangazi, na jicho lililokuwa na matumaini asubuhi laweza kuharibika kabla ya jua la siku ya pili kuchwa. Tena pengine huanza wakati daktari hayupo karibu, mtoto akiwa mikononi mwa wazazi wake. Kwa hiyo mlinzi wa jicho hilo ni mzazi, na mlinzi asiyemjua mwizi hawezi kumkamata.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mtoto mdogo apasuliwe jicho. Wengi wetu tumezoea kuona ugonjwa uitwao mtoto wa jicho kwa wazee. Nyuma ya mboni, yaani kile kiduara cheusi cha katikati ya jicho, kuna kitu kidogo kiangavu kama kioo, kiitwacho lenzi. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuutupa juu ya utando ulio nyuma ya jicho, nao utando huo hupeleka picha kwenye ubongo. Kwa mzee, lenzi huingia ukungu kwa sababu ya umri. Lakini wako watoto wazaliwao na ukungu huo, na wengine huupata katika miaka yao ya kwanza. Baadhi yao huurithi katika ukoo. Wengine mama zao waliugua rubela walipokuwa wajawazito, na ndiyo sababu moja ya watoto wetu kuchanjwa chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Wengine hupigwa jicho kwa kijiti au jiwe mchezoni. Na wengine sababu yao haionekani kabisa.

Mama aonaye weupe katika mboni ya mtoto wake, au aonaye macho ya mtoto yanatangatanga wala hayamfuati mtu, na asingoje. Jicho la mzee lenye ukungu laweza kungoja mwaka au miaka miwili, kisha likapasuliwa, na mzee akaona kama alivyokuwa akiona zamani. Kwa mtoto mambo si hivyo. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kama ulimi wake ujifunzavyo kusema, na majira ya kujifunza ni machache. Ukungu ukiziba mlango katika majira hayo, ubongo huliacha jicho lile, na hata ukiondolewa baadaye, mtoto hataona vizuri. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito, madaktari hupenda kumpasua katika miezi miwili ya kwanza ya maisha yake. Nimeyasema haya mapema ili mtu asije akasikia habari za vijidudu, akaogopa, akamficha mtoto nyumbani. Anayekimbia hatari ndogo namna hiyo anakimbilia hatari kubwa.

Basi siku ya kupasuliwa, mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari hukata tundu dogo pembeni mwa sehemu nyeusi ya jicho, tundu la upana wa milimita chache tu, akaitoa lenzi yenye ukungu. Mtoto aliyekwisha kukua kidogo huwekewa lenzi ya kutengenezwa, hekima iliyoanzishwa na daktari Harold Ridley katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1949. Mtoto mchanga aghalabu hupewa miwani kwanza, na lenzi huja baadaye. Kisha, kwa kuwa ngozi ya jicho la mtoto ni laini na haishikamani yenyewe kama ya mtu mzima, tundu lile hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Lakini kwa kitambo hicho mlango wa jicho umekuwa wazi, na penye mlango wazi huweza kupita mgeni asiyealikwa.

Mgeni huyo ni nani? Ni vijidudu, yaani bakteria, viumbe wadogo wasioonekana ila kwa hadubini. Watu wengi wakisikia kuwa jicho la mtoto limeingia vijidudu, husema mara moja, "Daktari alikuwa na mikono michafu." Ni kweli kwamba yamewahi kutokea, katika nchi mbalimbali, maji ya dawa au vyombo visivyotakaswa vikaleta madhara kwa wagonjwa kadhaa kwa siku moja. Lakini mara nyingi vijidudu hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kila mtu, awe tajiri au maskini, msafi au mchafu, amebeba bakteria katika kope zake, katika ngozi ya uso wake na katika pua yake. Hapo nje vinakaa wala havitudhuru, kama majirani wakaao nje ya ua. Vikiingia ndani ya jicho, ujirani umekwisha.

Na kwa nini ndani ya jicho pawe pabaya hivyo? Mtoto akijikwaa kidole, vijidudu huingia kidondani, lakini damu hufika mara moja na askari wake, vita vikapiganwa, kidonda kikapona. Ndani ya jicho kumejaa ute mzito mwangavu mfano wa ute mweupe wa yai, nao hauna mishipa ya damu, kwa maana damu ingezuia mwanga kupita. Basi bakteria wakifika pale hukuta chakula, joto na giza, wala hawakuti askari. Huzaana saa hata saa. Askari wa damu hufika wakiwa wamechelewa, na vita vyao vyenyewe huleta usaha na uvimbe ambao nao huharibu. Utando wa nyuma upokeao picha ni mwembamba mno, na ukifa hauoti tena. Madaktari huyaita maradhi haya endofthalmitisi, maana yake uvimbe wa ndani ya jicho.

Nimesema ni ya nadra, na ni wajibu wangu kuwapeni kadiri yake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulikadiria kuwa katika watoto 10,000 waliopasuliwa ndani ya jicho, waliopatwa na maradhi haya ni kama 7 tu. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha kuwa macho mengi kati ya yale yaliyopatwa hayakuokoka. Ndiyo maana hatuyapuuzi. Mtu hafungi mlango usiku kwa kuwa wezi huja kila siku, bali kwa kuwa akija mmoja usiku mmoja, hasara yake ni kubwa.

Sasa na tutazame wenye kazi ya kuulinda mlango huo. Walinzi wa kwanza wako hospitali. Mwaka 1867 daktari Joseph Lister, Mwingereza, alitangaza kuwa vidonda vya upasuaji vikilindwa kwa dawa ya kuua vijidudu, watu wengi hupona ambao zamani wangalikufa. Tangu siku hizo elimu hii imezidi kukua. Vyombo vya daktari hutiwa katika chombo cha mvuke wenye nguvu, uliopata joto la digrii 121 au zaidi, joto lipitalo lile la maji yachemkayo. Daktari hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa mipira mipya na nguo zilizotakaswa. Kope za mtoto hufunikwa ili zisiguse tundu.

Kisha iko dawa moja ya rangi ya kahawia, ayodini ya povidoni, ambayo bei yake si kubwa lakini kazi yake ni kubwa. Hutiwa juu ya jicho na kupakwa kope dakika chache kabla ya kisu. Mwaka 1991 madaktari wawili wa New York, Speaker na Menikoff, walieleza kuwa katika vyumba vilivyotumia dawa hiyo maradhi haya yaliwapata watu 6 hivi katika 10,000, na katika vyumba vilivyotumia dawa nyingine ya zamani yaliwapata watu 24 katika 10,000. Tena mwaka 2007 madaktari wa Ulaya walitoa habari za wagonjwa zaidi ya 16,000, watu wazima, waliopasuliwa kwa ajili ya mtoto wa jicho. Wale ambao hawakutiwa dawa ya sefuroksimu ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji, hatari yao ilikuwa takriban mara tano ya wale waliotiwa. Kwa hiyo sasa hospitali nyingi hutia dawa ya namna hiyo ndani ya jicho la mtoto pia kabla ya kumaliza kazi.

Jambo jingine huwashangaza wazazi. Mtoto ana ukungu macho yote mawili, na daktari apasua moja tu, kisha awaambia warudi baada ya siku kadhaa kwa la pili. Mzazi aliyetoka mbali hunung'unika kwa ajili ya nauli. Lakini daktari ana sababu. Kama vijidudu vimeingia, na viingie jicho moja, la pili libaki salama. Na pale ambapo ni lazima macho yote mawili yapasuliwe kwa siku moja, kila jicho hufanyiwa kazi kana kwamba ni la mtoto mwingine, kwa vyombo vingine na mipira mingine ya mikono.

Walinzi wa pili ni wazazi, na kazi yao huanza kabla ya upasuaji. Hapa nataka nisikilizwe sana. Tuseme mama ametoka kijiji cha mbali. Ameuza kuku wake na gunia la mahindi apate nauli. Amesafiri kwa basi siku mbili hata akafika hospitali kubwa, kama KCMC iliyoko Moshi au CCBRT iliyoko Dar es Salaam, ambako wako madaktari wa macho ya watoto. Njiani mtoto ameshikwa na mafua na kikohozi. Au tangu alipozaliwa jicho lake moja latoa machozi na tongo kila asubuhi, kwa kuwa mfereji wa machozi uendao puani umeziba. Mama awaza moyoni: "Nikisema, nitaambiwa nirudi nyumbani, na nauli nyingine sina." Basi alfajiri ampangusa mtoto uso, amfuta kamasi na tongo, anyamaza kimya.

Mama huyu si mpumbavu wala si mwovu. Ni umaskini umemsukuma. Walakini kimya chake ni hatari. Tongo lile limejaa bakteria, na liko hatua moja tu kutoka mahali kisu kitakapopita. Mafua nayo huleta vijidudu puani na machoni, tena huweza kumzuia mtoto pumzi akiwa katika usingizi wa dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie daktari kila kitu: kikohozi, homa, tongo, kipele usoni, sikio litokalo usaha. Na tena mwambie kwa wazi kwamba huna nauli ya kurudi mara ya pili. Hilo nalo ni habari ya ugonjwa. Daktari akilijua, aweza kumlaza mtoto wadini akamtibu mafua kwanza, au akatafuta njia nyingine. Asipolijua, hana la kufanya.

Kazi kubwa zaidi ya wazazi huja baada ya upasuaji. Jicho lililopasuliwa halikosi alama. Siku ya kwanza litakuwa jekundu kidogo, litatoa machozi, na mtoto atalikunja akiona mwanga mkali. Hayo ni ya kawaida. Basi mzazi atajuaje lililo la kawaida na lisilo la kawaida? Nitawapeni kanuni moja fupi, nanyi wanafunzi iandikeni: kila siku jicho liwe afadhali kuliko jana. Uwekundu wa leo uwe mdogo kuliko wa jana, maumivu ya leo yawe madogo kuliko ya jana. Likirudi nyuma, hata kama limerudi nyuma kidogo, hapo kengele imelia.

Alama zenyewe ndizo hizi. Jicho linazidi kuwa jekundu. Kope zinavimba hata jicho halifunguki. Linatoka usaha au tongo zito. Sehemu nyeusi ya jicho imeanza kuwa na ukungu, au chini yake, mbele ya duara ya rangi, umeonekana mstari mweupe au wa manjano kama maziwa yaliyotuama. Huo ni usaha ulio ndani. Mtoto mkubwa atasema, "Naumwa," au atasema haoni kama alivyoona jana. Lakini mtoto mchanga hana maneno. Yeye atalia bila ya kunyamazika, atakataa kunyonya, atakataa kufumbua jicho, atageuza uso ukutani akikimbia mwanga; pengine atatapika au atapata homa. Mama amjuaye mtoto wake hutambua kilio hiki si kile cha njaa. Na aamini utambuzi wake.

Alama hizi aghalabu huonekana ndani ya siku chache za kwanza. Lakini nyuzi za jicho zaweza kulegea baada ya majuma au miezi, na uzi uliolegea ni kama ufa ukutani; vijidudu huweza kupita hapo wakati wote wamesahau habari za upasuaji. Kwa hiyo jicho lililopata kupasuliwa, siku yoyote liumapo na kuwa jekundu, lioneshwe kwa daktari.

Mzazi akiona alama hizo, afanye nini? Neno ni moja: aende hospitali saa ile ile. Asingoje kupambazuke kama ni usiku na njia ipo. Asingoje soko liishe, wala mgeni aondoke, wala baba arudi safarini. Katika mambo mengi sisi husema haraka haraka haina baraka, na ni neno la hekima. Katika jambo hili baraka iko katika haraka. Saa sita za kungoja zaweza kuwa ndizo tofauti ya mtoto atakayesoma kitabu na mtoto atakayeshikwa mkono maisha yake yote. Akifika zahanati iliyo karibu, aseme waziwazi: "Mtoto huyu alipasuliwa jicho siku kadhaa zilizopita, nalo sasa limezidi kuuma na kuwa jekundu." Mtoto mwenye alama hizi hatibiwi kwa mafuta ya jicho na kuambiwa arudi baada ya juma moja, bali apelekwe kwa daktari wa macho siku ile ile, na mzazi ana haki ya kulidai hilo kwa adabu na kwa uthabiti.

Na asifanye nini? Asitie jichoni kitu chochote asichopewa na daktari: maji ya majani, asali, maziwa ya mama, mkojo, wala dawa iliyobaki kwa jirani. Najua wako bibi zetu waliotumia majani fulani kwa jicho lenye tongo, nao hawakuwa na nia mbaya. Lakini jicho lililoshonwa ni jicho lenye mlango, na jani liwe na dawa au lisiwe na dawa, limebeba vijidudu vya shambani. Kadhalika asiache dawa alizopewa kwa kudhani ndizo zilizoleta uwekundu, wala asizidishe kwa kudhani zitaponya upesi. Baadhi ya dawa hizo ni za kutuliza uvimbe, maana jicho la mtoto huvimba sana baada ya kisu hata pasipo vijidudu. Uvimbe huo na ule wa vijidudu hufanana machoni pa mtu asiye daktari. Kazi yenu si kuvitofautisha. Kazi yenu ni kumfikisha mtoto.

Hospitali, daktari atamlaza tena mtoto usingizi wa dawa, achukue tone la ute wa ndani ya jicho lipelekwe maabara, kisha atie dawa za kuua bakteria ndani ya jicho lenyewe kwa sindano nyembamba sana. Wazazi wengine husikia habari za sindano ya jicho wakamchukua mtoto wakakimbia. Msikimbie. Dawa ya kumeza, au ya sindano ya mkononi, hupita katika damu, na kutoka kwenye damu ni kidogo tu iingiayo ndani ya jicho. Ni kama kumwagilia mpunga wa bonde lingine. Sindano ile huipeleka dawa mahali penye adui. Na kama usaha umezidi, daktari huuondoa ute wote mchafu akatia maji safi ya dawa mahali pake. Macho mengine huokoka kwa njia hii, hasa yale yaliyofikishwa mapema.

Lakini kinga ni bora kuliko haya yote, na sehemu yake kubwa ni matone ya kila siku. Kabla ya kuyatia, nawa mikono yako kwa sabuni na maji safi, si kuilowesha tu. Mlaze mtoto chali. Vuta ukope wa chini polepole, utie tone ndani yake, wala ncha ya chupa isiguse jicho, wala kope, wala kidole chako. Ikigusa, umevipandisha vijidudu ndani ya chupa. Ikiwa mtoto anapiga kelele na amefumba macho, usipigane naye. Tia tone katika pembe ya jicho upande wa pua, ungoje; atakapofumbua, litaingia lenyewe. Kama kuna dawa mbili, ngoja dakika tano katikati. Chupa ni ya mtoto huyo peke yake. Nduguye mwenye macho mekundu asitiwe.

Kucha za mtoto zikatwe. Kile kikombe kidogo cha kufunika jicho kivaliwe usiku, kwa maana mtoto hujikuna usingizini. Aoshwe mwili, na uso upanguswe kwa kitambaa safi kilicho chake, maji yasiingie katika jicho. Majuma ya kwanza asioge mtoni wala ziwani, asicheze mchangani, wala asikae jikoni penye moshi na vumbi. Kaka na dada zake waambiwe, maana mara nyingi wao ndio wamchukuao mgongoni mchana kutwa.

Na kabla ya kutoka hospitali, mzazi aulize mambo matatu, asitoke bila majibu yake. La kwanza: ni siku gani ya kurudi? La pili: jicho likibadilika usiku, niende wapi, na nipige simu namba gani? La tatu: dawa hizi ni za nini, na kila moja ni mara ngapi kwa siku? Asiyejua kusoma aandikiwe, na mwanafunzi wa nyumbani amsomee. Naye atokaye mbali sana, kama ana ndugu au rafiki mjini, ni heri akae kwake siku saba za kwanza kuliko kupanda basi kesho yake. Nauli ya basi hupatikana tena, lakini jicho halinunuliwi dukani.

Neno moja nawaambieni akina baba. Mara nyingi mama ndiye aonaye alama, na baba ndiye mwenye fedha na ruhusa ya safari. Mama aona usiku, lakini amngoje baba aamke, na baba aseme, "Tutazame mpaka kesho." Toeni ruhusa hiyo mapema. Siku mtoto atokapo hospitali, baba na aweke nauli ya kurudi mahali mama apajuapo, na amwambie mbele ya watu wa nyumba: "Ukiona jicho limebadilika, usiniulize. Ondoka." Na awe mtoto wa kike au wa kiume, iwe hivyo hivyo, kwa maana jicho la binti halina thamani pungufu.

Basi kwa ufupi nimesema hivi. Ukungu wa jicho la mtoto uondolewe mapema, wala hofu isituzuie. Daktari aambiwe habari zote kabla ya kisu. Matone yatiwe kwa mikono safi. Kila siku jicho liwe afadhali kuliko jana, na siku lisipokuwa afadhali, safari ianze saa hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho ukianguka hakuna fundi wa kuujenga.

Kama katika kijiji chenu yuko mtoto mwenye weupe katika mboni, au mtoto aliyerudi karibuni kutoka hospitali ya macho, nendeni mkawasomee wazazi wake maneno haya jioni ya leo.